Albamu Yangu ya Pili Haikujua Kungoja

Albamu yangu ya pili ina nyimbo kumi, na mimi mwenyewe ukiniuliza nitakuambia tatu ni nzuri. Mbili nyingine zinavumilika mtu akiwa anapika. Zilizobaki tumwachie Mungu. Nayasema haya mapema kabla hujayasikia kwa mwingine, maana huku kwetu watu wana ukarimu mwingi wa kukueleza ubaya wa kazi yako. Mama mmoja niliyemshonea watoto wake sare alirudi kibandani kwangu Migori akanishika mkono, akanipa pole. Nilishtuka, nikadhani kuna msiba umetokea nyumbani na habari zimemfikia yeye kwanza. Kumbe alikuwa ameisikiliza albamu.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko mjini Migori, upande wa soko, na kazi inayonilisha ni sare za shule na magauni ya harusi za watu. Kuimba ni kazi ya Jumamosi na Jumapili. Watu wa redio huniita msanii, mwenye nyumba huniita mama wa cherehani, na nikiumwa na kichwa hakuna anayeniita kwa lolote. Naishi peke yangu katika chumba kilicho nyuma ya kibanda. Sufuria yangu ya ugali ni ndogo mno. Mgeni wa mwisho aliyeiona aliicheka, na sikumbuki ilikuwa lini.

Lakini sikuanza peke yangu. Nilianza na dada yangu, mkubwa wangu, kule nyumbani Karungu, tukianika omena, dagaa wa ziwani, na kuimba ili jua lisituchoshe. Mimi nilianzisha, yeye aliitikia. Alikuwa na sauti ya kupitia puani kidogo, na alikuwa na tabia moja iliyowakera wapiga gitaa wote tuliowahi kufanya nao kazi: alichelewa. Si sana. Mstari wangu ukiisha alitulia kwanza, kama mtu aliyeitwa akamalizia kufunga leso yake, ndipo aingie. Wapiga gitaa walilalamika, ila wasikilizaji walipenda. Utamwona mtu ameinua kijiko cha supu na hakifikishi mdomoni, anamngoja dada yangu. Mimi nilikuwa napumua katika kile kijinafasi chake. Nilijizoesha hivyo mpaka sikujua tena kupumua kwingine.

Tuliimba kwenye hoteli za Homa Bay, harusi za Rusinga, sherehe za mahafali, na kila mahali palipokuwa na spika na mtu wa kuchinjiwa mbuzi. Asiyekuwa mtu wa huku nimweleze jambo moja, la sivyo hataelewa kilichonipata. Kwetu muziki husimamishwa. Wimbo ukiwa umekolea, mtu huinuka kutoka mezani akiwa na noti, akanyoosha mkono juu. Bendi inanyamaza papo hapo, hata kama mwimbaji yuko katikati ya neno. Yule mtu anajisifu, au anamsifu rafiki yake, au wakwe zake, au kijiji chake kizima pamoja na ng'ombe waliomo, kwa maneno aliyoyapanga tangu Jumatatu. Jambo hilo tunaliita pakruok. Akimaliza anaiweka noti, watu wanashangilia, wimbo unaendelea, na mwimbaji anatarajiwa kulichomeka jina lake humo humo. Mwimbaji asiyesimama akiinuliwa mkono ni sawa na mtu anayeendelea kula wakati mgeni yuko mlangoni. Hasamehewi.

Miaka ile tulipokuwa wawili nilipenda kusimamishwa. Mwenye boti anaisifu injini yake, sisi tumesimama kando, dada ananibana kidole, mimi nauma mdomo nisicheke. Baadaye tukiwa njiani kurudi tulimwigiza yule bwana na injini yake mpaka mbavu zikauma. Nadhani hizo ndizo zilikuwa siku zangu za furaha, ingawa wakati huo nilizihesabu kuwa siku za uchovu.

Kisha dada akaokoka. Aliolewa na mzee mmoja wa kanisa kule kule Karungu, mtu mpole asiyeinua sauti hata kwa kuku. Siku moja tulikuwa tunamenya viazi jikoni kwake, akaniambia kwamba Jumamosi hatakuja. Wala Jumamosi nyingine. Sikumwuliza sababu, maana sababu nilikuwa naiona, imefungwa kichwani mwake, kitambaa cheupe cha kina mama wa kanisa. Alisema, "Wewe imba tu, nyamera. Mungu alikupa." Nyamera maana yake ni ndugu yangu wa kike, na alilitamka kwa upole. Nilimaliza kumenya viazi vyangu, nikanawa, nikarudi Migori. Nilikuwa na hasira, na nilihisi nimeachwa, na kwa kuwa huwezi kumkasirikia mtu kwa kumpenda Mungu, niliibeba ile hasira bila pa kuiweka.

Nikaitolea albamu. Ile ya kwanza ya peke yangu haikuwa na jambo lolote jipya. Ilikuwa nyimbo zetu za zamani na wasichana wawili wa kuitikia, wenye sauti safi, walioingia kwa wakati kama watumishi wa benki. Nilijaza majina humo. Wafanyabiashara wa samaki, wenye hoteli, walimu wakuu, bibi harusi, shangazi za bibi harusi. Iliuzika sana. Waliotajwa waliinunua ili wajisikie, na wasiotajwa waliinunua ili wajue nani katajwa. Ilipigwa kwenye saluni na kwenye maduka ya kuweka nyimbo kwenye flashi, na nilikuwa nikitembea Homa Bay naisikia sauti yangu ikiita watu kutoka kila mlango.

Sasa mikono ikazidi. Kila Jumapili mikono, na mimi peke yangu pale mbele, nimekatwa katikati ya neno, natabasamu kama mbuzi aliyefungwa akingoja mnunuzi. Wale wasichana walitumia nafasi hiyo kuangalia simu zao. Bwana mmoja alisifu pikipiki yake, akaanza na gurudumu la mbele, akaenda polepole mpaka la nyuma, na hapakuwa na mtu wa kunibana kidole. Kusimamishwa mkiwa wawili ni mapumziko. Ukiwa peke yako ni kusimama tu. Siku hiyo, magurudumu yote mawili yakiwa yamesifiwa, niliapa kwamba albamu inayofuata haitakuwa na jina la mtu wala mahali pa kuinua mkono. Nilitaka mara moja katika maisha yangu wimbo uanze mpaka uishe.

Mtu wa kunisaidia nilimpata Homa Bay, upande wa barabara ya hospitali, katika chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isitoke. Zamani alikuwa fundi wa televisheni, na alikuwa na tabia ya mafundi wote wa televisheni, ya kuzungumza na mashine kwa upole, na watu kwa mkato. Alinisikilizisha muziki wa zamani wa nje, wa kinanda cha umeme na ngoma za mashine, watu wakiimba kwa sauti bapa kana kwamba wanasoma habari za hali ya hewa na wameachwa na wapenzi wao asubuhi hiyo hiyo. Aliuita niu wevu, yaani wimbi jipya. Mimi niliuita muziki wa baridi. Uliniingia. Sikuelewa maneno mengi, lakini nilielewa chumba ambamo yule mtu alikuwa anaimbia: kilikuwa na kitanda kimoja na sufuria ndogo.

"Tuchanganye," akaniambia. "Nusu ya kucheza, nusu ya hii. Watu wakichoka kucheza wanakaa, wanafikiria maisha."

"Watu wa Homa Bay wakichoka kucheza wanaagiza samaki," nikamjibu.

"Basi wafikirie wakikula."

Tukachanganya, na kuchanganya ni kazi ya mpishi mzuri. Wimbo wa kwanza ni wa kucheza na ni mzuri, unajicheza wenyewe. Wa pili ni nduguye wa kwanza, amevaa nguo zake. Wa tatu alinishawishi niimbe kwa Sheng ili vijana wanipende, na mwanamke wa umri wangu akilazimisha Sheng huonekana kama aliyevaa viatu vya bintiye. Wa nne kinanda kinalia muda mrefu mpaka unadhani umeme umepungua, kisha mimi naingia kusema kwamba mvua haitanyesha. Wa tano hata mimi huuruka. Wa sita nauona mzuri na sitaki ubishi: mdundo wake ni cherehani yangu yenyewe. Tuliileta Homa Bay ikiwa imefunikwa blanketi, nikaikanyaga mbele ya maikrofoni. Wa nane, wa tisa na wa kumi ni wimbo mmoja uliokataa kuisha.

Na kila niliyemsikilizisha aliniuliza swali moja. "Sasa huu ni wa nani?"

"Wangu," nikawa najibu.

"Ndiyo, wako. Lakini wa nani?"

Nimeuruka wa saba. Huo unahusu mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, na ni wa baridi kuliko zote. Nilipoimba mistari yangu, fundi alitikisa kichwa. Alisema, "Madam, hii ngoma iko tupu. Mtu anapiga hodi na hakuna kitu ndani. Niite msichana aitikie?" Nilikataa wale wasichana wa benki. Nilimwambia awashe, nitaitikia mwenyewe. Nilifumba macho nikaipeleka sauti puani, nikaacha mstari uishe, nikangoja kama mtu anayefunga leso, ndipo nikaingia.

Nilipofumbua macho fundi alikuwa ananiangalia. "Huyo ni nani?"

"Ni mimi."

"Sawa. Lakini umechelewa. Usijali, nitanyoosha na kompyuta."

Hapo tuligombana vibaya. Nilimwambia akiinyoosha ile sauti nitabeba cherehani yangu na wimbo wa sita utakuwa kimya. Aliniona mjinga, na kama fundi alikuwa na haki, kwa sababu mashine nzima ilikuwa inakwenda sawasawa na pale tu ndipo palipokuwa na kilema. Akaiacha. Nililala Homa Bay siku hiyo kwenye gesti, na nilijisikia kama mtu aliyetembelewa.

Tuliizindua Jumapili alasiri, katika bustani ya hoteli moja karibu na ziwa. Watu walikuja wengi kwa ajili ya ile ya kwanza. Wafanyabiashara walikaa meza za mbele na noti zao zimeshakunjwa, midomo inacheza kidogo, wanayarudia maneno yao. Korongo wale wakubwa wenye upara walikuwa wamepanga foleni ukutani wakingoja matumbo ya samaki. Fundi alikaa kwenye kompyuta yake, vizibo vikubwa vya kusikilizia masikioni, mgongo umewaelekea watu. Nyimbo zote kumi alikuwa ameziunganisha ziwe kitu kimoja, bila kituo, kama tulivyopatana. Mistari yangu niliimba mimi pale pale kwa maikrofoni. Ala na waitikiaji walitoka kwenye mashine.

Mkono wa kwanza uliinuka katika wimbo wa pili. Mashine ikaenda, nami nikaenda nayo. Yule bwana alisimama na noti yake, akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akaugeuza ule mkono kana kwamba alikuwa anamwita mhudumu, akaagiza soda. Nilifurahi, sitaficha. Mkono wa pili ulishushwa hivyo hivyo. Kufikia wimbo wa tano walikuwa wameelewa, na waliniangalia kwa ile heshima baridi ambayo mtu humpa afisa wa kodi. Meza za mbele ziligeukia samaki wao. Niliimba mvua haitanyesha, na kwa kweli haikunyesha.

Katika wimbo wa saba niliona kitambaa cheupe. Alikuwa amekaa nyuma kabisa karibu na lango, mkoba juu ya magoti, peke yake mezani, na mbele yake chupa ya maji ambayo hakuifungua. Sikuwa nimemwalika. Nani humwalika mama wa kanisa mahali pa bia siku ya Bwana? Alikuwa ametoka ibadani Karungu akaja moja kwa moja, safari yote ile, na viatu vyake vya kanisani vilikuwa na vumbi. Moyo wangu ulipiga mpaka nikaogopa maikrofoni itauchukua.

Nilimaliza mstari wangu wa kwanza. Mashine ikangoja kidogo, kisha ile sauti ya puani ikatoka kwenye spika. Nikamwona dada anainua kichwa. Niliimba mstari wa pili nikimtazama yeye tu. Sauti ikaitikia. Akasimama, akaweka mkoba kitini, akanyoosha mkono juu. Alikuwa ameshika noti, ameikunja ndogo kabisa jinsi watu wa kanisa wanavyokunja sadaka.

Nikasimama. Sikuwaza, mwili ulisimama wenyewe. Nilikatiza neno katikati na nikashusha maikrofoni mpaka kwenye paja.

Na ile sauti ikaitikia. Sikuwa nimeimba mstari wowote, lakini nafasi yake ilifika, ikachelewa kidogo kama kawaida, ikaingia. Bustani nzima ikageuka kutafuta anayeimba. Nilimpungia fundi mkono asimamishe. Hakuniona. Nilimwita, vizibo vikamzuia kusikia. Mashine ikapitisha mstari wangu mtupu, ngoma tu na kile kinanda cha baridi, na mwishoni mwake dada yangu akaitikia tena kutoka kwenye spika, huku dada yangu amesimama pale langoni mdomo umefungwa na mkono uko juu.

"Yawa!" mtu akasema kwenye meza za mbele. "Kumbe ni CD!"

Wakacheka, na kile kilikuwa kicheko cha kulipiza, kilianzia wimbo wa pili. Dada hakucheka wala hakuniangalia. Aliiangalia spika. Aliisikiliza mpaka ikamaliza ubeti, kisha akaja mbele, akapita kati ya meza. Noti ikishainuliwa hairudi mkobani, hata dada yangu aliyeokoka anajua hilo. Aliiweka juu ya spika, akaibonyeza kwa kidole isipeperuke, akageuka. Mimi nilikuwa nimezungukwa na nyaya. Nilipofika langoni boda boda ilikuwa imeshamchukua, nikaona kitambaa tu kikipanda ile barabara ya stendi.

Fundi aliniuliza baadaye kwa nini nilinyamaza katika wimbo mzuri vile.

Nilimpigia dada simu. Iliita mpaka ikakatika. Nilipiga tena kesho yake, na siku zilizofuata, na siku moja mumewe alipokea akasema kwa upole wake kwamba mama yuko ziwani. Wakati huo albamu ilianza kusemwa. Mtangazaji mmoja alicheza wimbo wa kwanza wiki nzima, kisha akasema hewani kwamba zilizobaki ni kama friji inayojaribu kuimba. Niliicheka hiyo, maana ni kweli kwa wimbo wa nne. Halafu akasema wimbo wa saba una kosa la kiufundi, kuna sauti inachelewa, na inaonekana msanii alikosa fedha za kurekebisha. Hapo nilizima redio.

Miezi ile nilishona sana. Shule zilikuwa zinafungua, na nilikanyaga cherehani mpaka goti likawa linaruka lenyewe nikiwa kitandani. Watu walikuja, wakapimwa, wakaondoka. Unaweza kushika mabega ya watu kutwa nzima na usiguswe na mtu. Jioni nilikuwa napika ugali wangu, nafunga mlango, naweka wimbo wa saba kwenye simu. Naimba pamoja nao kwa sauti ya chini. Mstari unaisha, napumua, dada ananiitikia. Kisha nikaanza kutoiweza hiyo sauti. Nilikuwa nimejua tangu mwanzo kwamba ni yangu, lakini kuna kujua na kuna kukaa na jambo chumbani.

Shule zilipokwisha kufungua, nilishona gauni moja la kitenge kwa vipimo vya dada ninavyovijua kwa kichwa, nikaenda Karungu.

Nilimkuta uani amechuchumaa kwenye neti ya kuanikia omena, anatoa mchanga na vijiti. Aliinuka, akanawa, akanikaribisha vizuri mno. Aliniletea chai kwenye kikombe cha wageni na mandazi kwenye sahani iliyofunikwa. Akalipokea gauni kwa mikono miwili, akashukuru. Hapo ndipo nilipoogopa. Dada yangu hajawahi kunipa kikombe cha wageni. Siku zote huniambia chai iko pale, jimiminie.

Nilirudi naye kwenye neti, nikachuchumaa upande wa pili, tukawa tunachambua. Tuliongea Dholuo, lugha yetu, na hapa naandika nilivyokumbuka.

"Dada," nikasema, "siku ile hotelini ulikuwa umekuja kusema nini?"

"Sikuwa na la kusema."

"Uliinua mkono."

"Niliinua."

"Mtu hainui mkono bila maneno. Hata yule bwana wa pikipiki alikuwa nayo. Niambie hayo maneno, nayataka hata kama ni mabaya."

Alitoa kijiti, akakitupa, kuku wakakikimbilia wakakiacha. "Miaka yote ile tulisimamishwa pamoja," akasema. "Mwenye boti anainua mkono, tunasimama. Mlevi anainua mkono, tunasimama. Mimi sikuwahi kukusimamisha hata siku moja, nilikuwa upande wako. Kisha nikatoka upande wako. Nikasema, watu wote wanaweza kumsimamisha mdogo wangu, na mimi je? Nilitaka tu kuona kama utasimama."

"Nilisimama!" Sauti ilinipanda mpaka kuku wakatawanyika. "Dada, nilisimama pale pale. Nilishusha maikrofoni. Uliniona."

"Nilikuona," akasema. "Wewe ulisimama. Mimi ndiye sikusimama, kule kwenye spika."

Nilimweleza kwamba nilifanya vile kwa sababu nilikuwa na hamu naye, kwamba wasichana wale hawakujua kuchelewa, kwamba fundi alitaka kuinyoosha ile sauti na nikamkatalia kwa ugomvi. Niliongea kwa haraka na kwa fujo, nikilia, na yeye alinisikiliza mpaka mwisho.

"Najua," akasema. "Ulinipata sawasawa. Hata pumzi. Watoto wa hapa wanacheza ule wimbo, wananiambia mama, huyu ni wewe. Nawaambia hapana. Wanacheka, wanasema ninaona haya."

"Njoo basi tuuimbe upya. Uweke yako mwenyewe."

Alifikiri. Nilimwona anafikiri kweli, na kwa muda mfupi nilitumaini. Kisha akatikisa kichwa.

"Kanisani wananipa mstari mmoja mmoja," akasema. "Unanitosha. Na kule kwako nafasi yangu imeshajazwa, nyamera, tena vizuri. Nije kufanya nini?"

Akaichota omena kwa ungo, akaanza kuipepeta. Nilikunywa chai yangu katika kile kikombe cha wageni, na ilipofika saa ya kuondoka alinisindikiza mpaka barabarani, akasimama hadi nilipopanda.

Nilimwomba fundi aiondoe ile sauti. Alisema anaweza kuiondoa kwake, lakini katika simu za watu haitoki tena, na ni kweli, hata leo naisikia Migori ikinipita barabarani. Nikialikwa kuimba naimba ule wimbo bila mashine, na mpiga gitaa mmoja tu. Siku hizi watu wakiinua mkono nasimama, nawasikiliza mpaka magurudumu ya nyuma. Halafu naendelea, na kila nikifika mahali pa kuitikiwa nanyamaza, nangoja muda wake wote pamoja na kule kuchelewa. Watu hudhani nimesahau maneno, na wenye huruma hunikumbusha kwa sauti kutoka mezani.